Taya la Hoyt na Mdomo wa Bunduki Fupi

Oktoba 4, Jumamosi

Toka daraja la chuma mpaka kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa, hakuna mtu mwenye sikio kama langu. Mbwa wangu Opal akibweka upande wa pili wa mlima, mimi nakwambia amemkuta nguruwe dume au jike, mnene au mwembamba, na jana alikula mahindi ya shamba la nani.

Haya. Nimeshaandika kwa wino na wino haufutiki. Ni uongo mtupu. Sikio la kushoto lilikufa kiwandani, kwenye msumeno mkubwa, na la kulia liko njiani kumfuata mwenzake. Opal akivuka kilima kimoja tu simsikii, hata abweke Zaburi nzima. Ninachofanya ni kumtazama Hoyt. Hoyt Spradlin, rafiki yangu tangu tulipokuwa na meno yetu wenyewe, hutafuna tumbaku kama ng'ombe mchana kutwa. Opal akibweka, taya la Hoyt linasimama. Hapo mimi nainua kidole juu, nasema, "Huyo!" Na Hoyt anasema, "Una masikio wewe, Verlon." Misimu miwili sasa naishi kwa taya la mtu.

Hajui mtu, na asijue mtu. Huku kwetu vilimani sheria ya wawindaji nguruwe ni moja: mwenye mbwa aliyemzingira nguruwe ndiye anayeingia kichakani na bunduki, na haingii mpaka ajue kwa sauti kila mbwa amesimama wapi. Asiyesikia mbwa wake anabaki kwenye pikapu kulinda kahawa. Na mbwa hafugwi kwa kutazamwa. Mwenye mbwa akishakuwa mlinzi wa kahawa, mbwa anapewa mwingine awinde naye. Mzee Estel walimfanyia hivyo. Mbwa wake waliondoka wakati majani yanapukutika, na kabla majani hayajarudi, Estel naye akaondoka. Daktari alisema moyo. Mimi nilisema mbwa.

Daftari hili kaniletea binti yangu Raelene. "Baba, hasira zako ziandike. Nimechoka kuzila kila asubuhi pamoja na mayai."

Oktoba 7, Jumanne

Bunduki yangu fupi imefika! Serikali imekubali kwa mihuri yake yote kwamba Verlon Tackett anaweza kumiliki mtutu wa inchi kumi na nusu bila nchi kuanguka. Kwenye vichaka vya mierezi bunduki ndefu inakwama kama mbuzi kwenye ua.

Clell Bivens, mwenye duka la bunduki, akanipeleka kwenye shimo la shabaha nyuma ya duka. Mdomo wa mtutu ulikuwa mtupu, haujafungwa kitu. Nikapiga moja. Jamani. Moto ulitoka mkubwa kama kichwa cha ndama.

"Ndiyo hivyo, Mzee Verlon," Clell akasema. "Mtutu mfupi, baruti haimalizi kuungua ndani. Inakuja kumalizia nje, usoni kwako. Lazima uufunge kitu mdomoni. Swali ni kitu gani."

Akapanga vifaa vinne mezani kama muuza vitumbua. Cha kwanza kificha moto, kina meno kama uma. Kinaua mwali, kelele inabaki palepale. Cha pili breki, ina madirisha ubavuni: moshi na kishindo vinatokea pembeni, bunduki inatulia begani kama mtoto aliyeshiba, ila aliyesimama kando yako atajuta kuzaliwa. Cha tatu kopo, linasukuma kelele yote mbele kwa nguruwe, mwenye kustahili. Cha nne kiwambo cha sauti, kirefu kama chupa ya soda, kinameza mlio wenyewe, na hicho kinataka mihuri mingine ya serikali na kusubiri kwingine.

Hoyt alikuwa pale, ameegemea sanduku la risasi. Hakuna aliyemwita.

"Chukua kiwambo," akasema. "Na ukisubiri, funga kopo. Lolote, Verlon, ila si breki."

"Kwani bunduki ni yako?"

"Nasema tu."

Mtu anayesema tu huwa hasemi tu. Nitafikiri.

Oktoba 11, Jumamosi

Msiba. Hoyt ameacha tumbaku. Eti mkewe kasema, eti fizi. Miaka hamsini fizi zilikuwa zinavumilia. Leo ndiyo zimelalamika?

Tulikaa juu ya kilima asubuhi nzima na taya lake limetulia kama la maiti. Sikuinua kidole hata mara moja. Alinitazama mara nyingi.

Oktoba 13, Jumatatu

Nimetoka kukata kuni nikakuta pikapu ya Hoyt langoni. Yeye na Raelene wanaongea vichwa vimeinamiana. Waliponiona wakanyamaza, kisha wote wawili wakasema habari ya hali ya hewa kwa wakati mmoja.

Oktoba 14

Mvua. Opal kalala juu ya buti zangu.

Oktoba 18, Jumamosi

Mvua. Hakuna kuwinda. Raelene kaniletea vifuniko vya masikio vyenye betri, eti vinazuia mlio wa risasi na kukuza sauti ndogo. Nimevaa dakika mbili. Nilisikia tumbo langu, na sauti ya goti la Raelene. Nimevitundika kwenye msumari. Najua mchezo huu: leo vifuniko, kesho kifaa cha sikio, kesho kutwa nyumba ya wazee na uji wa saa kumi jioni.

Oktoba 25, Jumamosi

Hewa kavu, mbegu za mialoni zimejaa chini, nguruwe wanene. Hoyt amekaa kimya, sura tupu. Sikuweza kuvumilia. Nikakisia. Nikainua kidole, "Huyo!"

Hoyt akageuka taratibu. Akasema, "Eeh... huyo." Kwa kuchelewa, kama mtu anayemjibu mchungaji wakati wa kukusanya sadaka.

Kurudi, karibu na lango la ng'ombe, akasema, "Opal angekimbia vizuri na Rufus wangu majira haya ya baridi. Kama ungetaka kupumzika."

Rufus ni mbwa wake, anabweka kama mtu anayepasua ubao. Kupumzika! Sasa nimeelewa. Anataka mbwa wangu. Ameacha tumbaku ili nishikwe na ushahidi, kisha aende kwa wenzetu aseme, "Jamani, inauma kusema, lakini Verlon hasikii tena." Ataficha machozi kwa kofia. Ni shemasi, kulia kwa kofia anajua. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kina pikapu nyekundu.

Novemba 1, Jumamosi

Nimekwenda kwa Clell. Hoyt alikuwa ameshafika. Vipi awe ameshafika?

"Mzee, umechagua?"

"Breki," nikasema.

Clell akamtazama Hoyt. Hoyt akatazama dari.

"Verlon," Hoyt akasema, "breki kwenye mtutu ule ni kumpiga kofi kila aliye kando yako. Unawinda na mbwa, si na ndoo. Funga kopo. Mimi nitalifunga mwenyewe, wewe kaa tu."

"Mbona unalilia sana kopo? Una hisa kwenye makopo?"

"Nalilia masikio, we mzee mkaidi!"

"Masikio ya nani?"

Akavaa kofia akatoka. Clell akashika breki kama mtu anayeshika panya mkia. "Mzee Verlon, mimi nauza, sihukumu. Ila ningekuwa wewe..."

"Huwezi kuwa mimi, huna sura hii. Funga."

Kitu chochote ambacho Hoyt anakichukia namna ile, lazima kina faida kwangu. Ndivyo nilivyofikiri. Nimepiga tano shimoni: bunduki haikurushi hata kidogo. Tamu mno! Clell alisimama nyuma ya ukuta.

Novemba 2

Kanisani. Hoyt kapitisha sahani ya sadaka kwangu bila kuniangalia. Nikaweka kifungo cha shati.

Novemba 8, Jumamosi

Jambo la ajabu. Hoyt anatafuna chingamu.

Mtu huyu anachukia chingamu. Mwaka ule mjukuu wake alipobandika moja chini ya kiti cha pikapu, alihubiri wiki nzima. Leo ameshika mdomoni kipande kikubwa, cha rangi ya waridi, anatafuna amekunja uso kama anayemeza dawa ya minyoo. Na hakukaa mahali pake pa siku zote. Alikuja kukaa mbele yangu kidogo, ubavu wa uso wake ukiwa wazi kabisa, kofia ameisukuma nyuma.

Karibu na saa tatu taya likasimama. Nikainua kidole. "Huyo!"

"Una masikio wewe, Verlon."

Nguruwe mmoja jike, Rufus alimzingira, Hoyt akaingia akampiga. Nyama tumegawana. Nimerudi nyumbani nikala maharage na mkate wa mahindi, lakini sikusikia ladha. Kwa nini amerudisha taya? Mtu hafungui mlango wa mtego ila anataka uingie.

Novemba 12

Umande umeganda usiku. Opal ana mwiba kwenye unyayo, nimeutoa. Hakulia. Alinilamba pua.

Novemba 15, Jumamosi

Mwandiko leo ni mbaya, msomaji anisamehe, hata kama msomaji ni mimi.

Tuliwaachia mbwa bondeni, penye bwawa lililokauka. Taya la Hoyt likasimama mapema sana. Nikainua kidole. "Opal," Hoyt akasema, "na dume, kwa sauti hiyo." Mbwa wangu, nguruwe wangu, kichaka changu cha kuingia.

Mierezi ilikuwa imesongamana mpaka mchana ukawa kama jioni. Niliingia nimeinama, bunduki fupi kifuani. Hoyt alikuwa nyuma yangu, na mtu aliye nyuma yako taya lake hulioni. Hilo sikulifikiria. Nikamwona dume: mweusi, mgongo kama sofa, meno ya nje yamepinda, mkia kwenye mzizi, kichwa kuelekea kwangu. Rufus kulia kwake. Opal simwoni.

Hapo ndipo mwenye masikio anasimama, anasikiliza, anamhesabia kila mbwa mahali pake. Mimi nilisimama pia. Nilisimama muda ule ule ambao mwenye masikio angesimama, ili Hoyt aone nimesimama. Nikajiambia, Opal yuko nyuma ya nguruwe, ndiko apendako. Nikashusha goti chini ya matawi. Nikapiga.

Dume akaanguka. Kishindo kikatoka kwenye madirisha ya breki kulia na kushoto, majani ya mierezi yakamwagika kama unga. Nikageuka kushoto, upande wa sikio langu lililokufa. Opal alikuwa pale. Kando ya goti langu, kichwa usawa na mdomo wa bunduki. Alikuwa amekuja kwangu, pengine alikuwa amebweka pale pale muda wote.

Alifungua mdomo wote. Niliona meno mpaka ya nyuma. Sikusikia kitu. Akajizungusha mara moja, akaanguka, akainuka, akakimbia kama anayefukuzwa na moto.

Hoyt alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliniambia kitu. Niliona midomo tu.

"Nini?"

Akarudia.

"Nini?"

Akaacha kusema.

Tulimwita mpaka giza. Yaani mimi nilikuwa naita; kama Hoyt naye aliita, sikumsikia.

Novemba 16, Jumapili

Hatujampata. Hatukwenda kanisani, shemasi naye hakwenda. Sikio la kulia linapiga filimbi moja ndefu isiyokwisha. Raelene ananiandikia kwenye bahasha kuukuu: KULA.

Novemba 17, Jumatatu

Hatujampata. Mvua ya barafu. Hoyt kaja alfajiri, kachukua upande wa mto, kasema mimi nichukue kilima. Kwa nini tugawane? Mtu anayetaka kumficha mbwa ndiye anayesema tugawane. Filimbi imepungua. Fikira mbaya zimeongezeka.

Novemba 18, Jumanne

Leo naandika aibu, na naiandika yote.

Saa sita mchana, nikijua Hoyt yuko mtoni, nilikwenda kwake. Nikapita nyuma ya zizi, nikapanda ua wa banda la mbwa. Mzee wa miaka sabini na minne, mguu mmoja ndani, mmoja nje, suruali imenasa kwenye waya. Rufus ananitazama kwa huruma. Banda lilikuwa na mbwa mmoja, bakuli moja.

"Unatafuta nini, Verlon?"

Hoyt, nyuma yangu. Nimesema sisikii, lakini hilo nililisikia.

"Yai," nikasema.

"Kwenye banda la mbwa?"

"Kuku wako hawana adabu, wanataga popote."

Hakucheka. Akaja akanasua suruali yangu, akanishika kwapani akaniteremsha kama gunia. Kisha akatoa kile kipande cha waridi mdomoni, akakibandika juu ya nguzo ya ua, mbele ya pua yangu.

"Unadhani nakipenda hiki? Kinanata kwenye meno ya bandia. Mke wangu ananicheka mezani. Natafuna kwa ajili yako, mpumbavu wewe."

"Kwa ajili yangu vipi?"

"Msimu uliopita nilianza kushuku. Nikisimamisha taya, unainua kidole. Nikitafuna, unashusha. Siku moja nikajaribu. Hakukuwa na mbwa aliyebweka popote, Verlon, walikuwa wamelala chini ya pikapu. Nikasimamisha taya bure. Ukainua kidole, ukasema, 'Huyo! Na ni dume!'"

Nilitafuta uongo wa kumjibu. Ninao mwingi kawaida, lakini wote ulikuwa umetoka matembezini.

"Mbona hukusema?"

"Estel walimwambia," Hoyt akasema. "Nilikuwa miongoni mwa waliomwambia."

Rufus akajikuna.

"Nilipoacha tumbaku sikukumbuka taya lako," akasema. "Siku ile uliyokisia ndipo nikakumbuka. Nikaenda kununua uchafu huu. Na breki ile nilikukataza kwa sababu hilo sikio moja lililobaki ndilo mali yako yote, na sasa umelipiga kwa nyundo. Na mbwa simtaki. Opal ananuka. Ingia garini."

Tulikwenda kwenye kiwanja chetu cha zamani, cha akina Tackett, penye nyumba iliyoungua nikiwa kijana na ambapo mimi na Opal bado hupita, kwa kuwa Hoyt alisema mbwa mwenye hofu hukimbilia harufu ya watu wake. Mimi nimewinda na mbwa huyo miaka sita na sikulifikiria hilo. Nilikuwa na kazi ya kumshuku mtu.

"Ita," Hoyt akasema. "Sauti yangu haifuati. Wewe ita, mimi nitasikiliza."

Nikaita. Yeye akafumba macho. Nikaita tena, akageuza kichwa kidogo kidogo kama kuku. Nikaita mpaka koo likawaka. Kisha akanishika mkono wa koti akanivuta kwenye magugu, mpaka kwenye mlango ulioanguka wa lile handaki ambamo bibi yangu alikuwa akitutia wakati wa tufani.

Alikuwa chini kabisa, pembeni, amejikunja kama kofia. Nilishuka kwa makalio. Nikamwita kushoto, hakugeuka. Nikamwita kulia, akageuka.

Kwa hiyo sasa tuko wawili wenye sikio moja moja, na yote mawili ya kulia. Mungu anapenda mzaha kuliko mchungaji wetu anavyodhani.

Novemba 27, Alhamisi

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga wa Raelene mkavu, pai ya njugu nzuri. Kumbe yale mazungumzo ya langoni yalikuwa kuhusu kiwambo: Raelene alitaka kukinunua kiwe zawadi, Hoyt alikuwa anamweleza kipi kinafaa mtutu mfupi. Nikasema, "Mngeniambia." Raelene akasema, "Baba, tukikuambia saa ngapi, unauliza saa hiyo ina faida kwa nani."

Nimekula vipande vitatu vya pai. Nashuku cha tatu kilikuwa cha Hoyt.

Desemba 6, Jumamosi

Clell ametoa breki, amefunga kopo. Hakusema, "Nilikuambia." Alisafisha nyuzi za skrubu mdomoni mwa mtutu kwa muda mrefu kuliko zinavyohitaji, hivyo ndivyo Clell anavyosema, "Nilikuambia." Maombi ya kiwambo yamekwenda serikalini, tusubiri. Breki amenirudishia. Iko hapa mezani, kalamu hii huwa naisimamisha ndani yake.

Nimevaa vile vifuniko vya betri nikapiga tatu shimoni. Kishindo kilikwenda mbele, kama mgeni aliyekosea nyumba akaomba radhi. Opal alikuwa kwa Raelene, mbali. Hataki kuona hata fimbo ya ufagio.

Desemba 12, Ijumaa

Baridi, anga safi. Jana Opal aliruka mwenyewe kwenye pikapu, akaketi kiti cha Hoyt, akatazama kilimani. Sikumwambia kitu. Nikampelekea Hoyt habari.

Nilimkuta zizini. Nikamwambia kesho Opal anatoka, na mimi natoka naye, lakini kichakani siingii. Bunduki fupi nimempa yeye, na kopo lake alilolilia. Alikataa, nikamwambia asijitie utakatifu. Kahawa nitailinda mimi. Ila siilindi kwenye pikapu. Nailinda juu ya kilima, mahali pangu.

"Na chingamu uache," nikasema. "Uso unaokunja unatisha nguruwe."

"Sasa utajuaje akibweka?"

Ndipo nikamkumbusha. Mwaka ule mchungaji alipofungua sanduku la barafu nyuma ya pikapu ya Hoyt kutafuta soda, akakuta bia, mimi nilisema ni zangu. Niliombewa mbele ya kanisa zima, Jumapili mbili, na yeye shemasi amenishika bega akisema amina. Sijawahi kudai.

Nikamwambia, sasa nadai, kidogo tu. Hoyt, kesho kaa upande wangu wa kulia. Opal akifungua mdomo, nigonge goti mara moja. Akimzingira, nigonge mara mbili. Na kama hakuna aliyebweka kutwa nzima, nigonge mara moja hivyo hivyo, kabla hatujashuka.